Sentensi za Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa neno jipya la kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili. "Leave". Nilidhani siku mbili nimemaliza – kumbe! Mpaka saa kumi nimeshahesabu maana kumi na tisa. Kuondoka, kuacha, kubakiza, kusahau kitu mahali, kumwachia mtu urithi, kuachana, likizo, ruhusa... Neno moja linatumwa kila kona kama kitindamimba. Sisi tuna mtu wake kwa kila kazi. Wenzetu wana huyu mmoja tu, na hachoki!

Mhariri mkuu karudia sheria yake. (Tunamwita Koma, kwa kupenda kukata sentensi za watu.) Kila maana kadi yake, kila kadi mfano wake, na mfano usitungwe. Uwe umesemwa na mtu, ukausikia kwa masikio yako. Nyuma ya kadi uandike tarehe, mahali na aliyesema. Eti mifano ya kutunga hainuki jasho. Haya, nikatafute jasho.

Jumatano, 5 Machi

Kadi mbili tu. Ya likizo kanipa mlinzi wa getini: "Nikienda likizo ndiyo nagundua nilikuwa nimechoka." Safi kabisa.

Ya pili nimeipata nyumbani bila kutafuta. Nilikuwa jikoni na wifi, tunakata vitunguu, akamwambia binti yake: "Mbakizie baba yako mchuzi, hata kama hatasema asante." Mbakizie! Nikajifuta mikono kwenye gauni, mbio chumbani kuchukua kadi. Wifi akacheka mpaka akakaa chini. Eti siku nikifa, nitaandika kwanza kadi ya kifo changu ndipo nife.

Kaka, mumewe, alirudi kutoka kiwandani saa moja. Alikula. Akafungua gazeti, akashika kalamu nyekundu, akaanza kusahihisha makosa. Ndiyo kazi yake – anapanga kurasa za vitabu kwa wachapaji, hata kamusi yetu wanaichapa wao – na haimtoki hata akiwa nyumbani. Neno hakusema. Mchuzi aliumaliza.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi ni mgodi! Nimefikisha kadi kumi na tatu, na sita ni zake. Leo kamwambia binti: "Acha mlango wazi nimwone akiingia, maana huyo haingii na hodi wala salamu." Juzi: "Nilimwacha na gazeti lake, nikaenda kulala." Nyuma naandika: jikoni, mwanamke, miaka thelathini na minane, mke.

Nikizipanga mezani zinachekesha. Nikizisoma mara ya pili, hazichekeshi sana.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Chumba changu na jiko vimetenganishwa na ubao. Mwaka wa sita huu naishi hapa kwa kaka, nimezoea kusikia sufuria. Jioni hii nilisikia wifi akiongea kwenye simu na dada yake, yule mwenye chumba cha ushonaji mji mwingine. Sauti ya chini. "Nitaondoka shule zikifungwa. Simwambii mtu. Kuongea na yule bwana ni kama kuongea na kabati, angalau kabati ukilifungua linalia."

Shule zinafungwa Ijumaa ijayo!

Na mimi – Mungu anisamehe – mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuandika. Nilikuwa nimekwama na ile maana ya kwanza, ya kuondoka, mifano yote niliyopata ni ya magari na wageni. Na hii imekuja yenyewe, nzima, haihitaji hata koma. Niliandika kadi kwanza, tarehe na mahali na kila kitu. Ndipo nikalia.

Wifi ndiye aliyenipokea humu ndani nilipokuja na begi moja. Kaka alisema tu, "Chumba kipo." Yeye ndiye aliyetandika kitanda.

Jumatatu, 17 Machi

Bunda la kadi limeondoka kwenda kiwandani. Kadi kumi na tisa. Koma kazisoma akiwa amesimama, kapiga muhuri moja moja, na alipofika ile ya wifi kainusa kweli kweli, huyu mzee! "Sasa hii inanuka jasho."

Ningeweza kuitoa. Asubuhi niliishika mkononi, nikairudisha. Nilijiambia herufi hii ya L kule kiwandani hupangwa na Mzee Miwani, mwenzake kaka, na kaka ana herufi zake nyingine, na Miwani hamjui wifi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba ilikuwa kadi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na nilitaka nisifiwe.

Jumanne, 18 Machi

Kaka kaongea mezani! Bila kuulizwa! "Miwani kaenda likizo. Wamenipa herufi yake."

Kijiko kilinidondoka. Wifi akauliza kulikoni. Nikasema pilipili. Chakula chenyewe hakikuwa na pilipili.

Jumatano, 19 Machi

Asubuhi nilimfuata Koma. Nikamwambia kadi moja ina kosa, nipewe niirekebishe, nairudisha mchana huu huu. Kasema kadi yenye muhuri hairudi, na kwani kosa gani, mbona aliisoma mwenyewe? "Maji yakimwagika hayazoleki, mama." Anapenda methali hiyo kwa sababu haina koma.

Nikaomba ruhusa, nikaenda kiwandani mwenyewe. Nilifika mpaka kwenye kioo cha chumba chao. Kaka alikuwa kwenye meza yake, bunda letu mkono wa kushoto, anachapa kutoka kwenye kadi. Wenzake wanasoma mbele tu. Yeye kila kadi anaigeuza, anasoma na nyuma, ndivyo alivyo, hawezi kuacha maandishi bila kuyasoma. Nikaona anageuza moja. Akairudisha mbele. Akaigeuza tena. Kisha akaiweka chini na mikono akaiweka magotini.

Sikuingia. Mimi mwoga, na iandikwe.

Jioni nilimwambia wifi kila kitu. Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Hakuacha kukunja. Nilipofika kwenye ile kadi ya Ijumaa akasema, "Kumbe ukuta wetu una masikio na kalamu pia." Nikamwomba msamaha. Akauliza kama niliandika tarehe. Niliandika. Na huko nyuma yeye ni nani?

"Mwanamke, miaka thelathini na minane, mke."

"Hata jina sina?"

Nikamwambia ndiyo sheria, hatuandiki majina. Akaniangalia. "Hata huko, wifi," akasema, akachukua nguo zake akatoka.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, ndivyo wasemavyo. Kalamu je? Nina aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Alhamisi, 20 Machi

Kaka hakufungua gazeti. Alikula polepole. Sisi wote tunatazama sahani zetu. Ghafla akasema, "Mchuzi mzuri."

Binti aliangua kicheko, akadhani baba anatania. Wifi alinyanyuka akatoka uani, akakaa huko mpaka tukaosha vyombo.

Kaka aliniangalia mara moja tu. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru. Akauliza kama chumvi ipo.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika upesi.

Saa tisa prufu, nakala za kusahihisha kabla ya kuchapwa, zilifika ofisini. Kurasa mbili, neno langu lote, limepangwa vizuri ajabu. Mpangaji akiwa na shaka huandika swali pembeni kwa penseli, mtunzi anajibu hapo hapo, karatasi inarudi Jumatatu. Miaka yote maswali ya kaka ni yale yale. Tahajia? Nafasi? Nukta au koma? Leo, kwenye ile sentensi ya wifi, hakubadilisha hata herufi moja. Lakini pembeni, kwa mwandiko mdogo mdogo:

"Mtunzi: msemaji huyu bado anaweza kuulizwa? Nimesoma nyuma. Mimi sijui kuanza."

Nilisoma mara tatu. Ukubwa wote ule wa kaka yangu, na hajui kuanza!

Nilishika penseli nijibu. Nijibu nini? Mara ngapi nitasema kwa mdomo wa mwingine? Prufu haitoki ofisini, ni mwiko, watu wamefukuzwa. Nimeitoa. Niliikunja ndani ya blauzi nikampita mlinzi na salamu zangu zote.

Nyumbani binti kashafika na ripoti yake, shule zimefungwa, anaimba. Anajua wanaenda kumtembelea mama mkubwa tu. Begi la wifi liko mlangoni mwa chumba chao, limefungwa zipu. Gari lao ni kesho alfajiri. Nilimkuta jikoni. Nikakunjua karatasi mezani, nikaweka penseli juu yake.

"Swali hili si langu, wifi."

Alikausha mikono. Akasoma akiwa amesimama. Akavuta kigoda akakaa, akasoma tena, kidole chini ya maneno.

"Huu mwandiko wake?"

"Wake."

"Miaka kumi na miwili," akasema, "huyu mtu hajawahi kuniuliza swali." Kisha kwa hasira: "Na hata hili kakuuliza wewe!"

Nimekuja chumbani nikafunga mlango. Ubao uko pale pale, na sasa hivi nimesogeza kiti mbali nao, lakini nasikia tu. Penseli. Anaandika. Si neno moja, si mawili. Anasimama. Anafuta. Anaandika tena. Ni kama mimi ndiye ninayeandikwa.

Sasa ananiita.

"Wifi! Huku pembeni nafasi haitoshi. Niletee kadi."

Nimeuliza ngapi.

"Zote zilizobaki."

Nimezitoa kwenye droo, bunda zima, nyeupe, hazina muhuri. Ninazo mkononi. Begi bado liko mlangoni, sijui anaandika kwaheri au kitu gani.

Viatu vya kaka nje. Leo kawahi. Binti kaacha kuimba. Kaka kasimama mlango wa nje, haingii – anapiga hodi! Kwake mwenyewe!

Jikoni penseli imenyamaza. Kapiga tena. Bado hatujaitikia.