Mkwe Wangu Alinivulia Ufunguo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba ufike kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi binti yangu anaolewa na mimi hapa nacheka na wageni huku nina jambo nimelificha. Nguo imeshashonwa, viti vimeshakodiwa, nyumba imejaa mashangazi wanaogombania jiko, na bwana harusi ni kijana mzuri mpaka najiuliza tulitenda jema gani. Huyo kijana ndiye fundi mitambo wa kiwanda cha mikate ambako mimi ni msimamizi wa zamu ya asubuhi, na wenzangu wananiita Injini kwa sababu sijui kusubiri.

Pale kwetu fundi akitaka kuingia kwenye mashine ya kukandia unga anazima umeme kwenye swichi kubwa ya ukutani, anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo ni mmoja tu, anauvaa shingoni, hapewi mtu mwingine. Jumatatu mashine ikagoma, akaizima, akafunga kufuli, akazama kwenye pipa la mashine hadi kiunoni, nami namsemesha kila dakika, unga unaumuka, maduka yanapiga simu, mchana nina miadi na mpambaji, basi alipotoa kichwa tu nikamwambia, "Baba, lete huo ufunguo nikawashe mwenyewe."

Akasema, "Mama, bado kidogo..."

Nikamkata. "Mimi ni mama yako au si mama yako?"

Akainamisha kichwa, akauvua, akanipa kwa mikono miwili. Nikaenda ukutani, kwenye kona ambayo huioni mashine, nikafungua kufuli, mkono uko kwenye swichi, ndipo dada wa mizani, mpima unga wetu, akapiga ukelele, "Injini! Miguu! Miguu!" Kuchungulia, naona viatu vya mkwe wangu vinaning'inia nje ya pipa! Alikuwa amerudia spana aliyoisahau chini ya vyuma vya kukandia.

Alipotoka, mshauri, unajua alisema nini? "Samahani mama, nimekuchelewesha."

Tangu siku hiyo usingizi sina. Binti yangu hajui, dada wa mizani nimemsihi anyamaze. Nikisema naogopa kuharibu harusi, nikinyamaza, kila huyo kijana anaponiamkia natamani ardhi ipasuke. Nijibu redioni, redio yetu iko jikoni, ila jina langu usilitaje, niite Injini tu, mashangazi wana masikio na hilo la kazini hawalijui.

Mama wa bibi harusi

*

Injini, hongera kwa harusi, na pole kwa ulichokiona. Pole zimeishia hapo.

Nani alikwambia ukwe unaingia kiwandani? Kufuli lile halimjui mkwe wala msimamizi, linajua kwamba aliyelifunga yuko ndani. Kijana wa watu alikuwa na kinga moja tu, na wewe ukamvua kwa neno "mama". Yeye naye kama ananisikiliza namwambia amekosa, adabu haimzuii mtu kusema hapana. Lakini angekukatalia vipi, wewe bosi wake asubuhi na mama mkwe wake jioni? Wahenga walisema majuto ni mjukuu, nawe nusura umpate mjukuu huyo kabla hata ya harusi!

Usingoje Jumamosi ipite. Leo hii hii waite binti yako na mchumba wake, toka jikoni kwa hao mashangazi, useme yote hadi viatu. Binti atalia, mwache alie, mume ni wake. Kijana umwombe msamaha wewe, maana mpaka sasa aliyeomba ni yeye, na hilo limenichoma kuliko yote. Kesho nenda kwa meneja ukaeleze kabla hujasemewa. Kufuli alifungue mwenyewe aliyelifunga, baada ya kukusanya spana zake zote na kuona kila mtu amesimama kando, hata unga ukiumuka ukafika dirishani. Na yule dada wa mizani! Unamnyamazisha mtu aliyekuokolea harusi? Mshukuru mbele ya zamu nzima, na Jumamosi mkalishe kiti cha mbele.

Harusi itafana, wala sina shaka. Ila mashine itagoma tena, nakujua, mkono utakuwasha, utaunyoosha kuomba ufunguo. Siku hiyo mkwe wako akikutazama usoni akasema, "Sikupi, mama," usinune. Piga vigelegele, Injini, vingi kuliko utakavyopiga Jumamosi hii.