Nguo ya Kupisha Imeng'aa Kuliko ya Bibi Harusi

Hedaru, Jumanne tarehe 8 Oktoba. Asubuhi hii upepo umeamka na vumbi la tambarare, milima inaonekana nusu, na jua lilishakuwa kali kabla sijafungua duka.

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uwe wa haraka, kwa sababu sherehe ni Jumamosi ya tarehe 26 na mimi siku hizi siwezi kukaa kwenye kiti kimoja mpaka nimalize kikombe cha chai. Nainuka, naenda chumbani, naangalia zile nguo mbili, narudi, na chai imeshapoa.

Mimi ni binti wa kwanza kwetu, nina miaka thelathini na saba, nyumbani ni Myamba lakini nafanya kazi hapa Hedaru kwenye duka la mbegu na dawa za mimea, na sijaolewa. Mdogo wangu Jenifer, ambaye namzidi miaka tisa na ambaye nilimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni wangu, anaolewa na Elibariki wa Bombo, kijana mpole ambaye sina neno naye. Katika ukoo wetu mdogo akitangulia kuolewa, upande wa mwanaume huja kwanza kwa dada mkubwa, humwomba apishe njia, na humletea nguo. Sisi tunaiita nguo ya kupisha. Dada akiivaa siku ya kumuaga mdogo wake, watu wote wanajua ametoa baraka na hana kinyongo. Asipoivaa, maneno hayaishi mpaka wajukuu.

Zamani ilikuwa blanketi au kitenge kizuri. Lakini mwezi wa nane walipokuja, mama yake Elibariki aliniambia, "Mwanangu, hatutaki kukuletea kitu cha kulala sandukuni. Sema mwenyewe roho yako inataka nini." Na kwa kuwa Jenifer alikuwa ameshaamua kwamba usiku wa sendofu, yaani wa kumuaga, yeye na sisi wanawake wa karibu tutavaa sari za hariri, zile zenye nyuzi za kumetameta, nikajibu, nataka sari. Shangazi Asnath akapiga kigelegele, akasema, "Mpeni inayowaka haswa! Huenda kuna mwanaume mwenye macho mabovu akamwona kwa mbali." Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu ukinuna ndiyo wanapata la kusema.

Tulikwenda Same mimi na Jenifer kuchagua, dukani kwa dada mmoja anaitwa Shamsa ambaye anauza na kukodisha sari, na tulikwenda mchana kwa sababu Jenifer alikuwa na zamu ya jioni hospitalini hapo hapo Same. Shamsa alizitandaza juu ya meza, za fedha, za kijani cha mbawa za mende, za waridi, na Jenifer akaikamata moja ya dhahabu iliyopauka, akakimbia nayo mpaka mlangoni kwenye jua, na pale mlangoni kitambaa kile kilitiririka mikononi mwake kama maji ya mfereji. Akaanza kulia. "Dada, nimeipata." Mimi nikachukua ya rangi ya shaba, nzito, iliyoiva, ambayo mle ndani ilionekana kama sufuria ya zamani, na Jenifer mwenyewe akaniambia, "Ya kwako imekaa kiutu uzima kidogo, lakini utapendeza tu." Naomba hilo ulishike, mshauri. Siku ile sikuwa na nia yoyote.

Zote mbili zikabaki kwangu, kwa sababu mimi ndiye mwenye mkono wa kushona, nilitakiwa kuweka kitambaa cha kuzuia pindo lisichakae chini na kutengeneza magaguro, zile sketi za kuvaa ndani. Alhamisi ya wiki ile nikazitundika kwenye kamba chumbani, giza likaingia, nikawasha taa. Mshauri, ile ya Jenifer ilikufa. Ilikuwa rangi ya uji uliopoa. Nikaisogeza, nikaigeuza, nikafuta balbu vumbi, nikawasha tochi ya simu, haikuamka. Na ile ya shaba ambayo mchana ilikuwa sufuria ikawa inawaka kuanzia pindo mpaka juu, kila nikiigusa mwanga unakimbia ndani yake. Nikazima taa, nikawasha, nikazima, nikawasha, mpaka mama mwenye nyumba akaniita dirishani, "Careen, umeme unakusumbua?" nikamjibu, "Hapana mama, ni mimi."

Halafu nikaivaa. Nikapiga marinda polepole, nikatupa kipande cha begani, nikabana pini, nikasimama mbele ya kioo. Sijui nikuelezeje. Nimeshasimamia harusi za wenzangu nyingi, nimeshika mikoba yao, nimewapangusa jasho, nimewashonea wengine blauzi wakiwa wamezivaa tayari, na katika picha zao zote mimi ni ule mkono unaorekebisha shela. Usiku ule nilijiona mzima.

Jenifer hunipigia kila siku. Juzi akaniuliza, "Dada, nguo zetu zinaendeleaje?"

"Zipo, nimezitundika."

"Ya kwangu bado inang'aa?"

Nikasema, "Ndiyo." Na kwa kuwa ilikuwa mchana, na nyumbani nilikuwa nimeliacha dirisha wazi, na kweli nilipotoka ilikuwa inang'aa, nikajiambia kwamba sijasema uongo, nikawa najiambia hivyo huku nampimia mteja mbegu za maharage, naye alikuwa ameomba mahindi.

"Basi wewe ndiye utanifunga," akasema. "Mimi sitaki mtu mwingine anishike siku hiyo. Nikifungwa na wewe sitatetemeka."

Nimejaribu kutafuta mlango. Nilikwenda Same kwa kisingizio cha kufuata vifungo, nikachungulia ukumbi tuliokodi, na taa zake ni za njano kama za kwangu. Nilifikiri nimpe Jenifer sari ya shaba na mimi nivae ile ya kwake, nikamuuliza Shangazi Asnath kwa kuzunguka kama jambo hilo linawezekana, akaacha kuchambua mchele akanitazama. "Nguo ya kupisha ikivaliwa na aliyepishwa, maana yake dada ameikataa. Umeanza, Careen? Umeshaanza?" Nikamwambia nauliza tu. Nikiiacha kabisa nikavaa kitenge, ni hayo hayo, watasema nina kinyongo, na mama yetu ndiye atakayesimama kujibu. Nikimwambia Jenifer ukweli, ataniuliza nimeujua tangu lini. Na nikikaa kimya, ataingia ukumbini usiku wa kwake, mbele ya wakwe zake, akiwa rangi ya uji, na mimi niko ubavuni kwake nawaka.

Na hapa ndipo penye aibu, nakuandikia wewe kwa sababu huwezi kuniona usoni. Kuna sehemu yangu inayotaka kukaa kimya. Nampenda Jenifer, kwa hilo nakula kiapo, lakini nikifunga macho naona mlango wa ukumbi, naona shingo zikigeuka, na zinageukia kwangu, hata dakika moja tu, halafu wawashe hata taa za kijani wakitaka. Nisaidie. Mimi ni mtu gani?

Jumatano asubuhi. Nimeifungua tena bahasha kuongeza mstari huu. Jana nililala saa tisa na dakika ishirini usiku.

Dada Mkubwa, Hedaru

*

MSHAURI IKUPA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kunywa kwanza hiyo chai.

Umeniuliza wewe ni mtu gani. Wewe ni mtu aliyepitwa kwenye foleni na mtoto aliyemlea, akaambiwa acheke, akacheka. Hapo ningekuwa na moyo wa jiwe nisipokuhurumia. Kutaka shingo zigeuke mara moja katika miaka thelathini na saba hakukufanyi mwovu, na huyo shangazi yako mwenye utani wa macho mabovu angefaa achambue mchele wake kimya.

Huruma yangu inaishia hapo. Ulipoulizwa kama nguo inang'aa, ulijua unaulizwa kuhusu usiku ule, ukajibu kuhusu dirisha. Huo ni uongo, mwanangu, umevaa miwani ya jua. Na kila siku unayoongeza, unamwibia mdogo wako siku ya kurekebisha. Anakuamini hata mwili wake usitetemeke, nawe umemtundikia uji kwenye kamba!

Sasa sikiliza. Kosa la kuchagua mlilifanya wote wawili, na hufanywa na wengi wanaoteremka mjini mchana kununua nguo ya usiku. Hariri yenye nyuzi za kumetameta haina mwanga wake yenyewe, inaazima. Dhahabu iliyopauka huazima kwa jua na kwa taa nyeupe. Ukiiweka chini ya balbu ya njano, njano inameza njano. Shaba, nyekundu iliyoiva na kijani kizito ndizo hupenda taa zenu. Kwa hiyo nguo ya Jenifer si mbovu, ina njaa, na inalishika.

Mwambie aje kwako jioni, mkiwa wawili, bila shangazi. Usianze na maelezo. Zitundike zote mbili, zima, washa, mwache aone kwa macho yake. Akikuuliza umejua tangu lini, mtajie ile Alhamisi. Atakasirika. Mwache akasirike, mpikie, msubiri. Kisha mwambie na lile la kioo, ulivyojiona mzima. Huyo ni mdogo wako, ana haki ya kujua kwamba dada aliyembeba naye ana mgongo unaochoka.

Mkishamaliza, fanyeni kazi. Kama kitambaa cha kuzuia pindo hujakishona na blauzi haijakatwa, jaribuni kwanza kuirudisha kwa Shamsa, mbadilishe na nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, na safari hii aiwashie taa, si mlangoni. Akikataa, msilie. Mshonee Jenifer blauzi ya mahameli ya rangi ya damu ya mzee yenye mikono mpaka kwenye kiwiko, na pindo la rangi hiyo hiyo lenye upana wa kiganja. Dhahabu iliyopauka ikipakana na giza inaamka. Kipande cha begani usikibane kwa marinda membamba, kiachie kianguke kipana mpaka mkononi, maana kitambaa kilicholegea hucheza na kilichobanwa hunyamaza. Gaguro liwe la pamba, hariri juu ya satini huteleza na bibi harusi atashinda akijishika kiuno. Mapambo mekundu au ya kijani, dhahabu tupu usimwekee. Halafu mtafute fundi wa ukumbi, mwombeni taa nyeupe mbili, zimulike kutoka mbele wakati anaingia, zisimwangukie kichwani. Na mwende mkajaribu pale pale, usiku, mkiwa mmevaa. Mtakayoyaona chumbani kwako hayatoshi.

Na wewe? Utaivaa nguo ya kupisha. Utaivaa yote, imefungwa vizuri, bila kuifunika kwa kitenge kwa kujifanya mnyenyekevu. Mwombe mama yako aongee na mshereheshaji. Kabla bibi harusi hajaingia, litajwe jina lako, na isemwe kwamba wewe ndiye uliyepisha njia. Ingia peke yako chini ya zile taa za njano. Tembea taratibu. Waache wageuze shingo, wamalize, wazirudishe. Fika kwenye kiti chako, vaa mtandio mweusi usio na kumetameta mabegani, kaa. Ndipo ziwashwe taa nyeupe na Jenifer aingie. Nguo mbili za kumetameta hazigombani ukizipa kila moja mlango wake, zinagombana zikibanwa kwenye picha moja. Na picha za pamoja zikifika, kaa upande wa mama yako.

Kama Jenifer atasema hapana, hataki uingie hivyo, basi utatii, kwa kuwa usiku ni wake. Lakini mpe nafasi ya kusema ndiyo. Mpaka sasa hujampa, umemjibia.

Neno la mwisho. Majina yenu nimeyabadilisha yote, hata la huyo shangazi. Lakini nguo ya kupisha, sari ya shaba na duka la mbegu Hedaru siwezi kuvificha, vingebaki nini? Gazeti hili hufika stendi ya Same asubuhi, na manesi wanaotoka zamu husoma wakisubiri usafiri. Kama unasoma hapa na bado hujamwambia, liweke chini sasa hivi umpigie simu, kabla hajafika kwenye mstari huu.