Karatasi ya Danieli

Jumamosi, 1 Juni 1946
Nimetandika nyasi mpya sakafuni. Nimepalilia kibanja, shamba letu la migomba, mpaka kwenye mibuni. Mama mkwe anakohoa tena, nimempikia ndizi laini. Hataki mlango wa mbele ufungwe, hata kukiwa na baridi. Anamngoja mwanawe. Wanaume wa Nyabiyonza waliokwenda keya, jeshi la Waingereza, wamerudi karibu wote. Mume wangu Danieli hajarudi. Barua yake ya mwisho, kutoka Burma, ina miaka miwili.

Yoeli alipita. Ndiye fundi seremala wa Muleba anayetengeneza mabenchi ya kanisa letu. Ameniuliza tena kama nitaolewa naye. Nimemjibu yale yale: mchungaji hafungishi ndoa ya mke wa askari bila karatasi ya serikali. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kulisema.

Jumapili, 2 Juni
Kanisani nimeomba karatasi ije upesi. Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipoelewa nilichoomba. Aliye hai haandikiwi karatasi ile. Najiona mchafu. Sikula.

Jumatano, 12 Juni
Ukoo umekata shauri. Watazika shina la mgomba badala ya Danieli, kama wazee walivyomfanyia mtu aliyefia mbali. Mke ndiye huliviringisha katika nguo ya gome, akakaa kichwani pake kama penye maiti. Bila mke hakuna maziko.

Mama mkwe alinishika mkono. "Mwanangu, nimechoka kuacha mlango wazi. Nipe mahali pa kumlilia."

Nilikwenda kuchochea moto.

Ijumaa, 14 Juni
Mchungaji amesema wazi. Atakayezika mgomba atatengwa na Meza ya Bwana, na aliyetengwa hafungishwi ndoa. Yoeli anasema nisiende. Alisema kwa upole, lakini alisema kama mtu anayelinda mali yake. Limenichoma. Hata hivyo nitamsikiliza.

Jumanne, 18 Juni
Wamekata mgomba asubuhi. Nimejificha kanisani, nikafagia maranda chini ya mabenchi. Mwoga mkubwa mimi.

Niliporudi shina lilikuwa limelazwa sebuleni, juu ya nyasi zangu. Mama mkwe amekaa kichwani pake, peke yake. Amekataa lizikwe mpaka mke akae nalo. Nilipita kwenda jikoni, nikajifanya sioni.

Jumatano, 19 Juni
Bado amekaa. Hali chochote. Utomvu umeingia kwenye nyasi, zimekuwa nyeusi. Kikohozi kimezidi.

Alhamisi, 20 Juni
Tarishi wa boma amefika saa nne. Karatasi. Kiingereza juu, Kiswahili chini. Jina lake, namba yake, amefariki vitani. Alikufa mwezi ule ule wa barua ya mwisho. Kumbe nilipokuwa naomba alikuwa amekwisha kufa. Sikupata nafuu yoyote kwa kulijua hilo. Nimeomba, nimepewa.

Nilimwonyesha Yoeli. Alitabasamu, halafu akainamisha uso. "Ipeleke kwa mchungaji leo hii," akasema. "Hakuna tena wa kutuzuia."

Ningekwenda. Lakini ilinipasa kumwambia mama yake kwanza.

Nimemsomea. Hakulia. Akauliza, "Jina lake limo humo?" Nikasema limo. Akataka nimwonyeshe lilipo, akaligusa kwa kidole. Kisha akaikunja karatasi vizuri, akaiweka katikati ya shina, mahali ambapo pangekuwa kifua. Hajui kusoma, wala hajui karatasi ile ilikuwa na kazi gani kwangu. Aliona ni kitu cha mwanawe. Na ni kweli, hakuna kingine kilichorudi.

Ningeweza kumwambia. Mkono wangu ulikuwa karibu kabisa. Badala yake nilikaa kichwani pa shina, nikaliviringisha lote katika nguo ya gome, na karatasi ndani yake. Nikamlilia Danieli. Miaka yote hii sikuwa nimemlilia.

Tumezika saa kumi.

Jumapili, 23 Juni
Mchungaji amelisoma jina langu mbele ya watu. Nimetengwa. Nilikaa benchi la nyuma, bado linanuka mbao mbichi. Yoeli hakugeuka.

Jumamosi, 29 Juni
Yoeli amemaliza kazi, amerudi Muleba. Alikuja kuaga. Akasema niandikie boma niombe karatasi nyingine, na nikatubu kwa mchungaji. Nilisema nitaandika. Wino upo. Kuandika nitaandika. Kutubu sijui nitubu nini, kwa sababu sijutii. Yoeli alilisoma hilo usoni mwangu, akashika njia bila kuuliza lini.

Nimetoa nyasi nyeusi, nimetandika mpya. Mama mkwe amekula ndizi mbili. Baada ya chakula aliinuka mwenyewe, akaenda kuufunga mlango wa mbele, akalala.