Wageni wa Arobaini ya Mama

Mchinga, Alhamisi usiku

Bado nina hasira. Wale wageni wanne wamekula pilau ya arobaini ya mama na hakuna aliyewauliza ni nani. Shangazi alidhani ni ndugu wa upande wa mama. Wa upande wa mama walidhani ni ndugu wa marehemu baba.

Nilipompelekea maji ya kunawa mkubwa wao, mwanamke anayejiita Bi Salma, alininong'oneza kwamba wao husafiri kwenda miaka iliyopita, na wamebakiwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Tunamchukua asiye na wa kumngoja," akasema.

Nusura nimmwagie yale maji.

"Jana nilimwona mama yako kisimani. Ana miaka saba. Mkono wake haujaungua bado."

Kovu la mama sikumtajia mtu leo. Nikakaa chini.

Wanaondoka alfajiri. Hairuhusiwi kumwonya mtu wala kujitambulisha. Tutapita tu njiani. Lakini ningemwona yuko hai, anatembea. Nataka, Mungu anajua.

Ila mimi ni mtu mzima sasa, na mama alilelewa vizuri. Akikutana na mkubwa njiani, hawezi kupita bila kumwamkia. Mama yangu mzazi atanipa shikamoo, na mimi itabidi niitikie.

Nimejaribu hapa chumbani, taratibu, Shangazi asisikie. Marahaba haitoki. Kila nikifungua mdomo, najisikia nikisema shikamoo mama.