Tuta la Bwawa la Pili

Larkmoor, South Carolina
9 Machi 2019

Mdogo wangu Royce,

Habari za Tennessee? Masikio yako je, au bado binti yako anakuandikia kwenye kikaratasi akitaka umpe chumvi? Sisi wazima, ila magoti yananisumbua na Clifton anakohoa tangu Krismasi. Anakusalimu sana. Anasema ulikimbilia milimani kwa kuogopa kufungwa karata.

Nakuandikia habari za mabwawa yetu, yale matatu ya kupokea maji ya mvua. La kwanza limekauka, limebaki tope linalonuka. La pili, hili la nyuma ya nyumba yetu, tuta lake linatitia. Mvua za Februari zilipita hapo zikaingia mpaka jikoni kwa Imogene, yule mjane wa nyumba ya jirani. Aliamka akakuta viatu vyake vinaelea.

Kampuni iliyojenga mtaa inasema mabwawa hayana kasoro, na inataka chama chetu cha wenye nyumba kiyapokee, yawe mzigo wetu milele. Tumekataa. Tena wamenichagua mimi mwenyekiti! Clifton anasema ndiyo faida ya kuendesha basi la shule miaka thelathini, nimezoea kuwapigia watu kelele wakae chini.

Wewe ulikuwa dereva wa tingatinga lao yalipochimbwa. Kuna kitu tunachopaswa kujua?

Dada yako,
Verna

Tennessee
2 Aprili 2019

Dada Verna,

Nimepokea barua yako, nashukuru mko wazima. Mimi sijambo. Masikio ni yale yale, injini zimeyamaliza. Mpe Clifton pole ya kikohozi, mwambie anywe asali.

Kuhusu mabwawa, ni zamani, miaka kumi na moja sasa. Mimi nilisukuma udongo pale nilipoambiwa. Waulizeni wahandisi.

Mwanangu Tobin amepandishwa cheo. Sasa ni msimamizi wa vibarua katika kampuni ile ile iliyojenga mtaa wenu. Mkewe anatarajia mtoto wa pili. Tumefurahi sana.

Mdogo wako,
Royce

Larkmoor
20 Aprili 2019

Mdogo wangu,

Hongera kwa Tobin, mbusu mkewe kwa niaba yangu. Mvua haijatuachia, lakini tunapumua.

Juzi kampuni ilimtuma mtu wake, Bwana Kittredge, kwenye mkutano wetu katika ukumbi wa kanisa. Kaja na picha za mabwawa ya siku yalipozinduliwa, maji ya buluu, mabata yanaogelea. Imogene akasimama akamwambia, “Mwanangu, hizo picha zako nzuri. Hebu njoo uogelee nyumbani kwangu.” Watu walicheka hadi wakatoa machozi. Kittredge hakucheka. Akasema tuta ni imara, kama tuna ushahidi mwingine tuupeleke kwa baraza la kaunti.

Basi Clifton ndiye anayetafuta ushahidi. Amechomeka vijiti juu ya tuta, na kila asubuhi anakwenda na futi yake kupima limeshuka kiasi gani. Anaandika kwenye daftari kama karani. Nikimkataza ananiambia, “Mama Mwenyekiti, unataka ushahidi au hutaki?”

Royce, nakuuliza mara ya pili. Mhandisi wao hatatwambia kitu. Ndani ya tuta lile mliweka nini?

Dada yako,
Verna

Larkmoor
14 Juni 2019

Royce,

Asante kwa kuja kumzika Clifton. Nilikuona kwenye benchi la nyuma. Uliondoka kabla ya chakula, hata hatukusalimiana vizuri, wala hukuniuliza ilikuwaje. Labda ulidhani sitaweza kusema. Naandika, maana kuandika ni rahisi kidogo.

Ilikuwa Jumanne, tarehe nne, saa moja asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa nakaanga mayai, nikamwona dirishani amechuchumaa kwenye kijiti cha nne. Nikageuka kuzima jiko. Nilipotazama tena hayupo, na pale alipokuwa pana shimo. Nilikimbia bila viatu. Imogene alinishika kiuno nisiingie. Wazima moto walimtoa baada ya muda wa saa mbili. Walisema tuta lilikuwa na uwazi ndani, kama jino lililooza.

Barua yangu ya Aprili hukuijibu. Nadhani ilipotea njiani.

Dada yako,
Verna

Tennessee
1 Julai 2019

Dada Verna,

Sijui nikusalimu vipi.

Barua yako haikupotea. Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya Biblia.

Tulizika visiki, Dada. Tulipokata miti ya pale, kuvisomba visiki kulihitaji wiki tatu, na msimamizi alitaka kumaliza. Akaniambia, “Visukume ndani ya tuta, funika, pita juu.” Nikavisukuma. Vilikuwa zaidi ya mia. Nilijua kuwa mti ukioza ardhini unaacha pango, kila dereva wa tingatinga anajua. Mlipotaka kununua nyumba ile nilikuja kuitazama, nikasimama na Clifton juu ya tuta lenyewe, akaniuliza, “Unaonaje, shemeji?” Nikamwambia ni pazuri.

Barua zako zilipokuja nilimfikiria Tobin na kazi yake. Nikajiambia huenda litahimili mwaka mmoja zaidi. Mazishini nilitaka kukwambia, nikaondoka kabla ya chakula.

Nimekwenda kwa wakili, nimeapa. Hati ya kiapo imo humu, pamoja na jina la msimamizi. Nitakuja mbele ya baraza na kuyasema kwa mdomo wangu. Tobin nimemweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua funguo zake akaondoka. Mjukuu amezaliwa, sijamwona.

Mdogo wako,
Royce

Tennessee
30 Agosti 2019

Dada,

Natumai u mzima. Jana barazani ulikaa mstari wa mbele, nami nikasema kutoka nyuma, nikiutazama mgongo wako. Sikusikia walichoamua. Imogene ndiye aliyeniandikia kwenye bahasha: “Wameagizwa watengeneze yote matatu.” Niligeuka kukutafuta, ulikuwa umekwisha kutoka.

Sikulaumu.

Royce

Larkmoor
11 Novemba 2019

Royce,

Baridi imeingia. Nalala kidogo, nakula vizuri, Imogene hakosi kuniletea supu.

Mashine zilifika wiki iliyopita. Wamekausha bwawa la pili na kulifumua tuta. Walichimbua visiki siku nne, vyeusi, vingine vikimeguka kama keki. Majirani walitoka na viti kutazama, wakapiga makofi, wakanikumbatia, wakaniita shujaa. Nikaingia ndani nikafunga pazia. Nimepata nilichokidai, na sina wa kumwambia.

Nimeandika barua hii mara tano. Katika ya kwanza nilikutukana, katika ya pili nilikusamehe, na zote mbili zilikuwa uongo.

Uliniletea kiapo chako. Nimekisoma. Ungeniandikia mstari mmoja Aprili, Royce. Mstari mmoja tu, “Asikanyage pale.” Hata bila kutia sahihi.

Usije sikukuu hizi. Siwezi bado kukuwekea sahani. Lakini nimempigia Tobin, nimemwambia akuletee mtoto umwone, maana katika haya yote yeye hana kosa. Amesema atafikiri. Akija, niandikie anafanana na nani.

Dada yako bado,
Verna