Tanuri Langu Si Mashine ya Bibi

Ijumaa, Ibra. Ni asubuhi tu na jua limeshakuwa kali, upepo hakuna, na mimi nimeamka na hasira zilezile nilizolala nazo.

Bomba limepasuka.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwambia. Kwa mama, bomba ni bomba, litanunuliwa jingine. Wenzangu wa maabara kule Nizwa sina uso wa kuwapigia simu siku ya mapumziko niwaeleze nilichofanya jana.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni kuitoa oksijeni kwenye hewa. Tuna bomba la kauri, jembamba kama kidole, limezibwa upande mmoja. Tunalipasha ndani ya tanuri mpaka linakuwa jekundu. Likifika joto hilo, oksijeni peke yake ndiyo inayoweza kupenya ukuta wake. Nitrojeni na vingine vyote hubaki nje. Si chujio, wala halina tundu. Ni udongo uliochomwa, mgumu kama sahani, na ukishika moto unaruhusu kitu kimoja tu kupita. Mara ya kwanza niliposoma habari hii nilicheka peke yangu kwa furaha.

Siku hizi sicheki. Bomba lenyewe halina matata, matata yako pale linapoungana na chuma. Tunaunga kwa pete ya kioo. Chuma kikipata moto kinatanuka kuliko kauri, pete inaingia ufa, hewa ya nje inapita, na oksijeni yangu inatoka imechanganyika na kila takataka. Tangu nianze kazi hii nimevunja mabomba mengi kuliko sahani nilizoosha, na mama atakwambia sahani zenyewe sioshi.

Jana halikuvuja.

Nilipotazama kipimo mara ya kwanza nilidhani kimeharibika. Nikakitazama tena baada ya sala ya adhuhuri. Oksijeni safi, nitrojeni hata dalili hakuna. Wenzangu walikuwa wameshaondoka, maana Alhamisi kila mtu anawahi kwao, nikabaki nacheka na tanuri. Kilichobaki ni kulipoza polepole mpaka usiku, nikilishusha joto kwa mkono, kwa sababu kifaa kinachofanya kazi hiyo kimekufa na kipya tunaambiwa kinakuja. Kinakuja tangu majira ya baridi.

Kipimo cha siku moja hakimtoshi mkuu wangu. Anataka bomba lipoe, lipashwe tena, na bado lisivuje. Ameshasema wazi kwamba pete hii mpya nayo ikishindwa, mabomba tunayaacha na mimi nitapewa kazi nyingine.

Ndipo mama akapiga simu.

"Raya, njoo. Bibi yako midomo imemgeuka rangi, na mashine hataki hata kuiona. Mimi kanishinda."

Bibi ana maradhi ya mapafu. Hospitali walimpa mashine ya oksijeni ya kutumia nyumbani, na ameichukia tangu siku ilipoingia. Inanguruma, mrija unamkera puani, na mbele ya wageni anaona haya. Na kwetu wageni hawakatiki. Asubuhi majirani wanakuja kunywa kahawa, jioni wanakuja jamaa. Mtu akibisha hodi tu, mashine inazimwa na kufunikwa kanga.

Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua, mama alinieleza kwenye simu hiyohiyo: Bibi ameikataa kabisa mashine ya hospitali kwa sababu anaisubiri yangu. "Mjukuu wangu anatengeneza oksijeni," ndivyo anavyowaambia watu. Sote tumekuwa tukimsikia na kumwachia, maana maneno yenyewe yanampendeza.

Nikamwambia mama aite gari la wagonjwa. Akasema Bibi ameapa hatoki nyumbani mpaka mimi nifike.

Nilisimama mbele ya tanuri nikaligombeza. Nikamgombeza na Bibi pia, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikazima umeme. Nilikuwa bado nafunga mitungi ya gesi niliposikia tak, kavu, kama kikombe kinachomiminiwa maji ya moto. Sikutaka hata kuangalia. Nikachukua ufunguo wa gari.

Nililia njiani, kutoka Birkat al Mauz mpaka Sinaw. Ilikuwa hasira, si huzuni.

Na nilipofika, nikamkuta amekaa na wageni!

Majirani wawili, kahawa, sinia ya halwa. Midomo yake rangi ya zambarau, kila maneno mawili anatafuta pumzi. Mashine iko pembeni chini ya kanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akawageukia wageni. "Si niliwambieni? Huyo kaja. Iwapi mashine yangu, Raya? Umeiwacha garini?"

Mama alinitazama kwa macho ya kuniomba niseme inakuja. Ndilo neno la adabu, na kila mtu mle ndani alilisubiri. Mimi nilikuwa nimechoka.

"Hakuna mashine, Bibi," nikasema, hao wageni wakisikia. "Nilikuwa na bomba moja zima, limepasuka nikikukimbilia wewe. Na hata lingekuwa zima lisingekuja hapa. Linataka moto kuliko jiko la halwa, nikuwekee kitandani? Si lako. Halijapata kuwa lako. Oksijeni yako hii hapa, umeifunika kanga."

Jirani mmoja akainamia kikombe chake. Mama akajiziba uso.

Bibi akatafuta pumzi kwanza. "Kumbe miaka yote hii unahangaika kwa ajili ya watu baki?"

"Ndiyo, Bibi."

"Khalas. Nipeni huo mrija."

Akauvaa mwenyewe, mbele ya wageni, shingo kaikaza. Alifanya hivyo kunikomoa, najua. Mashine ikawashwa, wageni wakapandisha sauti kidogo, mazungumzo yakaendelea. Nesi wa kituo cha afya alikuja baada ya magharibi, akampima, akasema asiuvue. Midomo ilikuwa imeanza kurudi rangi yake.

Ningepaswa kuwa na furaha. Sina. Jumapili nitamwekea mkuu wangu vipande vya kauri mezani pamoja na kipimo cha siku moja, na nitaomba bomba jingine. Sidhani kama atanipa. Nikifikiria kwamba lilikuwa zima, kwamba kulihitajika subira ya jioni moja tu, natamani kupiga teke kitu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni lile neno "si lako." Ni kweli tupu, na ningeweza kumwambia tukiwa wawili.

Asubuhi hii niliingia chumbani kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia.

Tangu nijue kusema, Bibi hajawahi kuninyima marahaba, hata nilipokuwa na makosa makubwa kuliko haya. Alinitazama, akageukia ukutani, mrija puani.

Nitamwamkia tena baada ya sala ya Ijumaa, na tena jioni. Anune hata mwaka mzima, mradi anune akiwa ameuvaa.