Chumvi Niliyotia Kwenye Chupa ya Radostina

Shangazi Nevena mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa maana kichwa kimenivurugika, mimi ni mama wa hapa Plovdiv, nilisoma mpaka darasa la nane na maisha yangu yote nimefanya kazi kiwanda cha nyanya, lakini binti yangu Radostina, Shangazi, anasomea uzamivu wa kemia, na mtaa mzima hakuna mwingine, hata wale wa ghorofa ya tatu wanaoringa na mtoto wao wa benki.

Yeye anachunguza nyuzi ndogo mno zinazoitwa polima, zikiwa ndani ya maji safi kabisa, na alinieleza mezani kwamba kila uzi umejaa chaji za umeme za aina moja, nazo zinasukumana, basi uzi unanyooka, unachukua nafasi kubwa, na maji yanakuwa mazito kama asali, nikamuuliza, "Umeme? Na umeuweka kwenye friji yangu karibu na mtindi?" akacheka, "Mama, huo haurushi mtu!"

Siku moja kabla hajaenda Sofia kuwaonyesha watahini wake, jirani yangu Tsvetana aliingia kuomba mayai, akaiona chupa ya maji hayo mazito kwenye friji, akasema, "Ehee, mtoto huyu ana akili, tazama inavyong'aa!" bila kutema mate hata kidogo kuzuia kijicho, na Tsvetana huyo alimsifu mbuzi wa shemeji yake, mbuzi akakauka maziwa. Alipotoka tu nikafungua chupa nikatia chumvi kidogo ya kukinga jicho, kama mama yangu alivyotia kwenye maji yangu ya kuoga nilipokuwa mchanga, nikatikisa, nikaifunga haraka.

Kule Sofia Radostina akadondosha gololi ya chuma ndani ya chupa, ilipaswa izame polepole, ikaenda chini mara moja, ti! Mwanangu amerudi analia, anasema mwenzake wa maabara, Plamen, amemharibia, ameshamwita mhujumu mbele ya watu, na Ijumaa anamshtaki kwa profesa, naye Plamen ni kijana mpole, amekula banitsa yangu, mkate ule wa jibini, mara nyingi, anaweza kufukuzwa. Dada yangu anasema, "Ulitia kidogo, ungetia konzi nzima!" Sasa sielewi, jicho limeishinda chumvi, au chumvi yenyewe ndiyo? Mbona supu yangu nikiitia chumvi haiwi nyepesi? Na nikisema, si atanichukia?

Mama Radostina, Plovdiv

*

Mama Radostina,

Mwache Tsvetana apumzike. Ni chumvi. Ikiyeyuka inagawanyika vipande vidogo vyenye chaji, vinauzunguka uzi na kuuficha umeme wake. Nyuzi haziwezi tena kusukumana, zinajikunja kama sufi, na kilichokuwa kizito kinalegea. Uzito wa supu yako hautokani na umeme, ndiyo maana haidhuriki. Huniamini? Chukua jeli ya nywele, nyunyiza chumvi, koroga, utazame inavyogeuka maji.

Najua ulifanya kwa mapenzi, na hofu ya jicho umeinyonya kwa mama yako. Lakini kufungua kazi ya mtu bila kumwuliza, kisha ukae kimya huku mtoto wa mwenzio anaitwa mhujumu? Hapana, mama! Unajisifu binti yako ana akili kuliko mtaa mzima, halafu unamwona hawezi kuubeba ukweli?

Leo akiingia, kabla hujampakulia, mwambie: "Ni mimi, nilitia chumvi." Mwonyeshe ni kiasi gani, akipime. Usianze na Tsvetana, wala usianze kulia. Atapiga kelele, mwache apige. Akitulia ataona mwenyewe kwamba gololi ilianguka vile vile elimu yake inavyosema, na atarudi Sofia na chupa mbili, moja yenye chumvi na moja isiyo nayo, awaeleze watahini sababu.

Kisha vaa koti, nenda kwa Plamen ukamwombe radhi mbele ya wale waliosikia akitukanwa. Usimtume Radostina akusemee. Aliyetia chumvi ni wewe.

Shangazi Nevena